Mkuu wa Zamu Hafuti Safari

Nianze na mimi, nimalize haraka. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka Vårby gård kwenda Skärholmen kununua ndizi za kupika, vituo viwili tu vya treni, na hata hapo narudi nahema kama nimezibeba ndizi kichwani kutoka Bukoba. Shule niliishia kidato cha nne, na jiografia niliipita kwa huruma ya msahihishaji. Kwa hiyo inachekesha kwamba ni mimi niliyekaa hapa jikoni kuandika habari za uwanja wa ndege wa mji mmoja wa Urusi, mji ambao sijaukanyaga na magoti yangu hayana mpango wa kuukanyaga.

Lakini uwanja ule naujua. Najua chumba cha kuhifadhi mizigo kilikuwa upande wa kushoto ukishuka ngazi. Najua bufe iliuza mayai ya kuchemsha na kuku wa baridi, na chai ilitoka kwenye birika kubwa la umeme lenye bomba, na bomba lile likivuja mtu wa kulaumiwa alikuwa mmoja. Mtu huyo alikuja kuwa jirani yangu wa ghorofa ya chini. Sisi tunaozungumza Kiswahili upande huu wa Stockholm, Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo wachache, tulimwita Mkuu wa Zamu, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha siku ya kwanza na siku zote zilizofuata. Ukimwuliza hali, anakujibu, "Mkuu wa zamu yupo kazini." Kumbe alikuwa amestaafu zamani, na kazi aliyostaafu ilikuwa ya kuosha mabasi.

Kwao ni Uganda. Zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kujimwaga. Alipelekwa Urusi na serikali kusomea mambo ya viwanja vya ndege, serikali ikapinduliwa yeye akiwa darasani, na waliomtuma hawakuwapo tena wa kumpokea. Akabaki kule, akaoa, akaajiriwa kwenye uwanja wa mji ule. Niliwahi kumtania, nikamwambia, "Mzee, hebu sema kweli, ulikuwa mkuu wa zamu au ulikuwa mbeba mizigo?" Akafikiri kidogo. "Nyabo," akasema, maana ndivyo Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "usiku wa theluji kila aliyekuwepo alikuwa mkuu wa kitu fulani."

Tulichokijua wote ni kwamba kule alimwacha mtoto. Binti. Alimwacha ndiyo kwanza anaanza shule, akaja Sweden kwa wiki chache kutazama kazi, na wiki zile hazikuisha. Mama wa mtoto aliolewa na mtu mwingine, baadaye akafariki. Binti sasa ni mtu mzima, anafundisha piano, ana nyumba yake katika mji uleule. Na Mkuu wa Zamu alikuwa na jambo moja alilolitaka kabla hajafa: kwenda kumwona. Jambo hilo tu. Kila mwaka alikuwa anakwenda mwaka huo.

Ili umwelewe, uelewe kwanza utaratibu mmoja wa uwanja wake. Pale, alisema, safari haifutwi. Ukungu ukishuka, au mafuta yakikosekana, au rubani akipimwa na nesi na pumzi yake ikanuka, hutangazi kwamba ndege haipo. Unatangaza kwamba imecheleweshwa saa mbili. Saa mbili zikiisha unatangaza saa mbili nyingine, kwa sauti ileile, kama vile hizo za kwanza hazikuwahi kutajwa.

"Ukimwambia mtu safari imefutwa," alinifundisha, akichovya mkate wangu kwenye chai yangu, "anakuja dirishani, anapiga meza, anataka jina lako. Ukimwambia saa mbili, anakwenda bufe. Akirudi amechoka. Mtu aliyechoka hana vita."

"Kwa hiyo mlikuwa mnawachosha watu kwa makusudi."

"Tulikuwa tunawahudumia."

"Na kama ndege haiji kabisa?"

"Ndege inakuja, nyabo. Suala ni kama abiria bado yupo."

Nilicheka siku hiyo. Mimi hucheka upesi, ni kasoro yangu, halafu maneno yananikuta baadaye nikiwa naosha vyombo.

Utaratibu huo aliuleta Vårby gård mzimamzima. Hapa kwetu, kama mahali pengi Sweden, jengo lina chumba cha kufulia, na kila mtu anachagua muda wake mapema kwa kutundika kufuli lake kwenye ubao wa saa. Ukichelewa, mwingine ana haki ya kuuchukua. Mkuu wa Zamu aliyekuwa akiwahubiria wasafiri wote wafike uwanja wa ndege wa Arlanda mapema mpaka walinzi wawaonee huruma, yeye mwenyewe hakuwahi kufika chumba cha kufulia kwa muda wake hata mara moja. Nilikuwa nikimkuta kwenye ngazi na kikapu, wakati mashine tayari inazungusha mashuka ya Mswidi wa ghorofa ya tatu.

"Umechelewa tena, mzee."

"Kufua kumecheleweshwa kidogo."

"Umenyang'anywa zamu."

Neno hilo halikumpendeza. Alikaa siku mbili bila kunisalimu, siku ya tatu akaja kuomba chumvi, na sisi wawili hiyo ndiyo ilikuwa suluhu.

Kwenye sherehe ndiyo ilikuwa balaa. Binti wa Mama Kevin, Mkenya rafiki yangu, alimaliza sekondari, tukakodi ukumbi wa chama cha wapangaji. Pilau ikagoma kuiva kwa sababu jiko la ukumbi lilikuwa na sahani mbili tu zinazofanya kazi. Watu wakaanza kutazama milango. Mkuu wa Zamu akasimama, koti limefungwa vifungo vyote, akachukua kipaza sauti kutoka kwa kijana wa muziki, akatangaza kwa Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha Kirusi ambacho hakikuwa na msikilizaji hata mmoja, kwamba chakula kimecheleweshwa, abiria wote wanaombwa kubaki ukumbini, na wenye watoto wadogo wasogee upande wa kulia ambako watahudumiwa maziwa ya moto.

Mama Kevin alikuja jikoni mbio. "Nani amesema kuna maziwa?"

"Mkuu wa Zamu."

"Ai, huyu mzee. Sasa mimi natoa wapi maziwa saa hii?"

Tukatoa. Mimi nilikwenda dukani, na nimekwisha kueleza ninavyopenda kutoka. Nilipopasha maziwa na kuyapeleka, nilimkuta amepanga viti upande ule, makoti yamekunjwa yakawa magodoro, na watoto wanne wamelala katikati ya makelele ya muziki. Alikuwa amesimama kwenye mlango anawalinda. Hakunishukuru. Alinyoosha kidole kwenye midomo yake, kuniambia nisiwaamshe, mimi niliyeleta maziwa.

Hapo ndipo nilipojua habari za chumba cha mama na mtoto. Kwenye viwanja vyao, alieleza, kulikuwa na chumba cha abiria wenye watoto, na sifa yake ni kwamba hakikuwa na kelele. Kulikuwa na vitanda vidogo vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe, yaya mwenye kitambaa kichwani, na jiko la kuchemshia uji. Ndege ikichelewa, watu wazima walilala kwenye mizigo yao, lakini mtoto alilala kwenye shuka. Huduma nyingine zote alizisimulia kwa sauti ya mkubwa wa kazi: bufe, nesi, mizigo, gari la kufagia theluji. Akifika kwenye chumba hiki, sauti ilipungua. Mama wa binti yake alifanya kazi kiwandani, na zamu zao zikigongana yeye alikuja na mtoto uwanjani, akamlaza kule kwa ruhusa ya yaya.

"Alizoea matangazo," akaniambia. "Ndege inapaa, kipaza sauti kinalia, hashtuki. Lakini nikipita mimi mlangoni, kwa viatu vya kazi, polepole, anafumbua macho."

Nilimwuliza kama binti anakumbuka.

"Sijamwuliza," akasema, akaanza kuniambia habari za mayai.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alisali sala zake zote, na alikunywa chai kwa kubana bonge la sukari kwenye meno kama Mrusi, anavuta chai kupitia kwenye bonge kwa sauti iliyonifanya nitamani kuwa kiziwi. Aliwasema vibaya Waswidi kwa baridi yao, na Mswidi wa ghorofa ya tatu alipovunjika mguu ni yeye aliyempandishia maziwa na gazeti kila siku, bila kuombwa, halafu akamlaumu kwa kutofungua mlango upesi. Kwenye kituo cha afya alikosoa kila kitu. Walipomwambia asubiri, alisimama mbele ya dirisha la mapokezi na kumweleza yule dada kwa Kiswidi chake cha gereji namna ya kutangaza kuchelewa. "Unasema dakika ishirini. Dakika ishirini ni ndogo, mtu anabaki amesimama. Sema saa mbili, atakaa." Yule dada akamwambia kweli inaweza kuwa saa mbili. Mkuu wa Zamu akakasirika, akarudi nyumbani bila kupimwa.

Wasafiri walimwogopa na kumhitaji. Mtu akienda Nairobi, Entebbe, Dar au Bujumbura, aliitwa kuja kutazama mizigo. Alinyanyua begi kwa mkono mmoja, akalishusha, akasema, "Hili haliendi," na halikuwa likienda. Alikufungulia mwenyewe, akakutolea sabuni za zawadi mbele ya watoto wako. Alikwambia usimame mstari upi na usimkabidhi nani pasi. Sisi sote tulisafiri kwa maelekezo yake. Na ilituchukua miaka kutambua, maana tulikuwa na pilikapilika zetu, kwamba tangu aje Sweden yeye mwenyewe hajapanda ndege.

Sababu zake zilikuwa nzuri, kila moja kwa wakati wake. Kwanza makaratasi ya ukaazi. Kisha zamu za mabasi. Kisha mgongo. Alipostaafu na sababu zikaanza kumwisha, akazua ile ya fahari: atakwenda, ila atatua kwenye uwanja wake. Hataki kushukia Moscow na kupanda treni kama mwanafunzi. Anataka ashuke ngazi pale, aingie ukumbini kwa mlango wa abiria, na binti awe amesimama chini ya saa kubwa. Kila mwaka alisema ndege za kuunga kufika pale hazijakaa sawa, ngoja ratiba ya kiangazi itoke.

Kisha vita vikaanza na viwanja vya upande ule vikafungwa, ndege za abiria zisipite. Nilidhani atavunjika moyo. Siku hiyo alikuja kwangu amenyoa ndevu, akakaa, akaomba chai, akasema kwa utulivu wa mtu aliyepewa likizo, "Uwanja umefungwa kwa muda."

Nilimtazama. Nilimwona amepumzika. Mtu wa nyumbani anamjua mwenzake anapofurahi kwamba mvua imenyesha na shughuli haipo, kwa hiyo mimi hakunidanganya. Lakini nilimpa chai tu, nikaongeza sukari.

Ndipo zikaanza zile simu. Uwanja ulikuwa umefungwa lakini namba ya maulizo ilikuwa hai, na mwanamke aliyekaa dirishani aliendelea kwenda kazini kila siku. Mkuu wa Zamu alimpigia kila asubuhi, mara nyingi akiwa kwangu, simu kwenye meza imefunguliwa sauti. Yule mama alidai alikuwa kijana mgeni kazini wakati Mkuu wa Zamu anaondoka. Yeye hamkumbuki, mama naye hamkumbuki, lakini walikubaliana kukumbukana. Walizungumza muda mrefu. Simu ikikatwa, Mkuu wa Zamu ananitafsiria.

"Anasema bado."

"Mmezungumza mpaka chai imepoa, mzee. Hiyo 'bado' ya Kirusi ni ndefu namna gani?"

"Nimeuliza kama ukumbi una joto. Wamewasha upande mmoja. Sakafu inapigwa deki. Maua yanamwagiliwa. Ubao wa ratiba unawaka, ila hauna kitu."

"Na watu wanafanya nini humo ndani?"

Akanishangaa. "Wako zamu."

Jumapili ilikuwa siku ya kumpigia binti. Hiyo aliipiga kwake, mlango umefungwa, na nilichosikia kupitia kwenye bomba la joto ni mngurumo tu. Simu ilikuwa fupi kuliko ya maulizo. Nikaanza kumtania, polepole mwanzoni.

"Mzee, uwanja umefungwa. Reli je, nayo?"

"Reli iko."

"Basi?"

"Ngoja kidogo, nyabo. Mambo yakitulia watafungua."

Mwaka ukapita, mwingine ukafuata. Alianza kuvuta mguu. Ngazi za kutoka kwake hadi kwangu zikawa na kituo katikati, anasimama anajifanya kusoma tangazo la kampuni ya nyumba ambalo lilikuwa pale tangu zamani. Nami nilichoka. Sisemi kwa kujivunia. Kuna uchovu unaoupata kwa kumtazama mtu anajichelewesha mbele yako, anakunywa chai yako, na wewe unamkatia mkate. Mama Kevin aliniambia, "Wewe ndiye unamharibu. Ungemnyima chai angeenda." Nikamwambia ningemnyima chai angekunywa kwake.

Jumapili moja nilimpelekea maharage, nikamkuta amekaa kitandani na simu mkononi, haijazimwa vizuri, inatoa ule mlio wa kukatika. Sikumwuliza. Niliweka bakuli, nikasimama nikitafuta la kufanya, nikaanza kumkunjia taulo.

"Amesema nisimpigie tena kumwambia uwanja bado," akasema.

"Amekasirika?"

"Hapana. Ingekuwa afadhali. Amesema tangu mdogo namwambia baba amecheleweshwa kidogo. Mama yake alikuwa anamfungulia simu, anasikiliza, anakwenda kulala. Amesema amechoka, ana kazi. Nije, au niseme siji, basi aache kutandika kile kitanda."

"Kitanda gani?"

"Sikujua," akasema. "Kumbe kipo chumba. Kina kitanda, anabadilisha mashuka."

"Tangu lini?"

"Sikuuliza."

Nikakunja taulo ileile mara ya pili. 

Wiki zilizofuata hakupiga simu, si ya maulizo wala ya Jumapili. Hakuja chai. Nilimsikia chini akitembea, kwenye mabomba, kutoka dirishani kwenda mlangoni. Halafu asubuhi moja ya vuli akapanda ngazi, akasimama kituo chake cha katikati, akafika, akakaa kwenye kiti chake, akauliza swali ambalo kwa miaka yote tulikuwa tukimwuliza yeye.

"Nyabo, mtu anafikaje?"

Nilimwita binti yangu atoke chumbani. Ana miaka kumi na sita na Kiswahili changu hukijibu kwa Kiswidi. Alisema, "Orka, mamma," neno lao la kusema hawana nguvu hata za kukataa, akachukua simu, akaanza kutafuta. Stockholm hadi Istanbul. Istanbul hadi Moscow. Kisha treni usiku kucha kuelekea kusini.

"Treni inafika stesheni," Mkuu wa Zamu akasema.

"Ndiyo, treni hufanya hivyo," nikasema.

"Niingie mji ule kwa stesheni. Kama mtu aliyekuja kuuza nyanya."

"Mzee, hata muuza nyanya hufika."

Binti yangu aliinua macho kwenye simu. Akamwuliza, kwa Kiswahili, cha kuungaunga, lakini Kiswahili: "Babu, ninunue?"

Alikizungusha kikombe chake mezani. Nilijua anachotafuta, nilikuwa nakijua kwa miaka: alikuwa akitafuta saa mbili. Nikamwondolea kikombe mbele yake, nikaenda nacho kwenye sinki, nikafungua maji, nisimpe nafasi ya kuomba chai nyingine.

"Nunua," akasema.

Nilimsindikiza mwenyewe. Nilivaa koti la harusi kwa sababu jingine lilikuwa linafuliwa, tukapanda treni ya mjini, tukabadilisha, tukapanda ya Arlanda, na njia nzima nililalamika mimi. Joto, baridi, watu, nauli. Alinisikiliza kwa adabu. Kwenye ukumbi wa kuondokea alisimama kama mtu aliyeingia nyumba ya jamaa zake akakuta wamehama. Mashine za kujiandikisha, mizigo inayojipeleka yenyewe, hakuna dirisha la maulizo. Mguu ukamkatalia. Nilimtafutia huduma ya kiti cha magurudumu, akakataa, nikamwambia basi tutatembea, tukatembea hatua chache, akakubali.

Aliyekuja na kiti alikuwa dada mmoja mdogo, hijabu nyeusi na kizibao cha njano. "Kaa, babu," akamwambia kwa Kiswidi.

"Nani mkuu wa zamu hapa leo?" Mkuu wa Zamu akamwuliza, bado amesimama.

Yule dada akatazama huku na huku. "Sijui. Labda mimi."

"Mnasindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka mlango wa ndege. Kule Istanbul mwenzangu anakupokea."

"Unamjua?"

"Hapana. Lakini atakuwepo."

Akamkagua kizibao, viatu, namna alivyoshika breki za kiti. Akakaa. Nilimwekea mkoba magotini. Akanigeukia.

"Nyabo, angalia ubao."

Niliangalia. Oslo imechelewa, Warsaw imechelewa. "Istanbul iko kwa wakati."

"Angalia tena."

"Nimeangalia, mzee. Inaondoka."

Akapokea habari hiyo kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Mikono yake ilikamata mkoba. Nilitaka kumtania, ulimi ukaja hadi kwenye meno, nikaurudisha.

"Nikifika nimwambie nini?" akauliza. "Nina maneno mengi nimeyapanga. Nimeanza na makaratasi ya ukaazi."

"Usiseme makaratasi."

"Nianze na nini?"

"Mwambie umefika."

"Halafu?"

"Halafu nyamaza, mzee. Jaribu tu. Watu wengi wanaweza."

Alicheka kidogo, pumzi tu. Yule dada akauliza kama tuko tayari, akaachia breki, wakaenda. Hakugeuka. Alikuwa ameanza kumweleza jambo, namwona kidole kimeinuka, na dada anaitikia kwa kichwa huku akisukuma.

Nilirudi nyumbani nikalala mchana kutwa. Chini kulikuwa kimya.

Siku chache baadaye nilikuwa nachemsha maharage simu ikalia ujumbe. Namba ngeni, Kiingereza cha shule, na kinaonekana kimeandikwa na kufutwa na kuandikwa tena. Alikuwa binti yake. Namba yangu alipewa na baba. Baba amefika, aliandika. Alimpokea stesheni. Baba alisema, "Nimefika," na tangu hapo hasemi kitu. Usiku wa kwanza amelala kwenye kiti. Sasa yuko jikoni tangu asubuhi, amekaa kwenye ukingo wa kiti, hajavua koti, mkoba uko mapajani. Kila anachomwuliza, kama anataka chai, kama anataka kulala, kama anataka kuona picha, anajibu kwamba hataki kusumbua. Akamalizia: Wewe unamjua. Nifanye nini?

Nilikaa na simu ile. Ningemwambia nini? Nilimjua baba yake kwa habari za mayai ya kuchemsha na gari la kufagia theluji. Miaka yote ile kwangu amekaa kwenye kiti kimoja, anahudumiwa chai, na akimaliza anashukuru na kushuka. Sikuwahi kumwona amekaa nyumbani kwa mtu. Hata kwake mwenyewe alikuwa kama anayengojea kuitwa.

Mimi dunia siijui. Ila nyumba naijua, na najua mgeni anavyoacha kuwa mgeni. Nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, herufi moja moja: Usimwulize anataka nini. Mpe kisu na viazi, mwambie una haraka.

Jibu halikuja. Nilikoroga maharage, nikatazama simu, nikakoroga, nikasahau kuongeza maji, yakashika chini. Nilikuwa nakwangua sufuria ilipoingia picha, bila maneno.

Ni meza ya jikoni yenye kitambaa cha plastiki. Pana bakuli la viazi, vimemenywa vibaya mno, nusu ya kiazi imekwenda na ganda. Pana mikono miwili mizee, mmoja una kisu, na mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko. Nyuma yake anaonekana mwanamke amempa mgongo, yuko kwenye jiko.

Nikaikuza ile picha kwa vidole, nikaisogeza kona hadi kona, kwenye kiti, mapajani, sakafuni, nikilitafuta koti. Sikuliona.